Shajara ya mradi: kuiga kwa kompyuta upitaji wa hewa katika kitambaa kilichofumwa

Wiki ya 1

Swali la mradi huu ni moja. Ikiwa tunajua uzito wa uzi, idadi ya nyuzi katika kila sentimita na jinsi mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) inavyopishana, je, tunaweza kukokotoa kwa kompyuta kiasi cha hewa kitakachopita katika kitambaa kabla kitambaa chenyewe hakijafumwa? Kipimo ninachokilenga ni kile kinachotumika maabara kwa mujibu wa kiwango cha ISO 9237: kitambaa hubanwa kwenye kichwa cha mashine chenye eneo la sentimita 20 za mraba, hewa hufyonzwa mpaka tofauti ya kanieneo baina ya pande mbili za kitambaa ifikie paskali 100, kisha ujazo wa hewa inayopita kwa sekunde hugawanywa kwa eneo hilo na jibu huandikwa kwa milimita kwa sekunde. Kwa vitambaa vya matumizi ya viwandani kanieneo hupandishwa hadi paskali 200, lakini mimi nashughulika na kitambaa cha nguo.

Kitambaa nilichokichagua ni cha pamba na kimefumwa kwa mtindo ulio sahili kuliko yote, ambapo kila uzi hupita juu ya mmoja na chini ya unaofuata. Uzi ni wa tex 20 pande zote mbili, maana yake urefu wa mita 1000 una uzito wa gramu 20, na kuna nyuzi 32 kwa kila sentimita. Kabla ya kugusa kompyuta nimefanya hesabu ya mkono, kwa sababu modeli isiyo na makadirio ya kuipinga huaminiwa upesi mno. Nikifuata kadirio la Peirce, mtafiti wa jiometria ya vitambaa, kwamba gramu moja ya uzi wa pamba hujaza sentimita za ujazo 1.1, kipenyo cha uzi ni milimita 0.167, umbali kutoka kitovu cha uzi hadi cha jirani yake ni milimita 0.3125, nafasi inayobaki ni milimita 0.145, na eneo lililo wazi ni karibu asilimia 22 ya kitambaa chote.

Hewa yenye nyuzijoto 20 ina densiti ya kilo 1.204 kwa mita ya ujazo na mnato wa 1.81 × 10⁻⁵ paskali-sekunde. Nikilichukulia kila tundu kuwa mfereji mfupi wa mraba wenye urefu sawa na unene wa kitambaa, yaani vipenyo viwili vya uzi, ukinzani wa mnato peke yake ungeiacha hewa ifikie mita 12.2 kwa sekunde ndani ya tundu. Inesha, yaani ukaidi wa hewa kubadili mwendo wake, ikiwa peke yake, kwa hesabu ya Bernoulli, ingeiacha ifikie mita 12.9. Kukaribiana kwa namba hizi mbili kunanionya mapema kwamba siwezi kuupuuza upande wowote: sheria ya Darcy ya mwaka 1856, inayofanya kasi iwiane moja kwa moja na kanieneo, haitatosha hapa, wala hesabu ya tundu lisilo na mnato haitatosha. Nimeziunganisha sehemu mbili kwa namna ya Forchheimer ya mwaka 1901, nikaipa sehemu ya inesha kizidishio cha 1.5 ambacho nakiri ni cha kukisia, nikapata kasi ya mita 6.9 kwa sekunde ndani ya tundu, namba ya Reynolds (uwiano wa nguvu za inesha na za mnato) ya karibu 67, na kipimo cha kitambaa kizima cha karibu milimita 1490 kwa sekunde. Hiyo ndiyo namba ambayo kompyuta italazimika kuithibitisha au kuikanusha.

Wiki ya 2

Nimetumia OpenFOAM, programu huria ya kuiga mitiririko, kutatua milinganyo ya Navier-Stokes, inayoeleza mwendo wa vimiminika na gesi, kwa hewa isiyogandamizwa, bila modeli yoyote ya msukosuko, kwa kuwa namba ya Reynolds ya makumi kadhaa haistahili modeli hizo. Wiki imekwisha kwa majaribio mawili ambayo majibu yake yanajulikana. La kwanza ni mfereji mrefu wa mraba, ambapo kigezo cha msuguano cha Darcy kikizidishwa kwa namba ya Reynolds ni lazima kitoe 56.9. La pili ni safu za mapipa yaliyopangwa kwa mraba, ambazo ukinzani wake katika mtiririko wa polepole ulikokotolewa na Sangani na Acrivos mwaka 1982. Yote mawili yametoa majibu yanayotakiwa, na hakuna zaidi la kuandika.

Wiki ya 3

Umbo la kitambaa nimelijenga kwa TexGen, programu huria iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Nottingham, ambayo hupewa njia ya uzi na umbo la mkato wake, kisha huzalisha nyuso za nyuzi zote. Kwa mazoezi nilianza na kitambaa cha kubuni chenye nyuzi 36 kwa sentimita, nikakuta nyuzi zinaingiliana kwenye makutano: sehemu ya mtande ilikuwa ndani ya mwili wa mshindio, jambo ambalo gridi, yaani mtandao wa seli ndogo ambamo hewa hukokotolewa, haiwezi kulimeza. Kwa siku mbili nilihangaika na mipangilio ya programu, nikiamini kosa liko katika namna inavyopinda uzi.

Kosa halikuwa hapo. Jiometria ya Peirce ya mwaka 1937, ambayo huuchukulia uzi kuwa wa mviringo kamili, unaopindika kwa urahisi na usiorefuka, ina kikomo chake cha msongamano. Ikiwa mtande na mshindio ni sawa kwa kila hali, nyuzi hujifunga kabisa pale umbali kati ya vitovu unapofikia kipenyo kikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani mara 1.732 ya kipenyo. Kwa uzi wangu kikomo hicho ni milimita 0.29, sawa na nyuzi 34 na kitu kwa sentimita. Kwa hiyo kitambaa changu cha kubuni hakifumiki kwa nyuzi za mviringo; programu ilikuwa inanionyesha kwa picha kile ambacho kalamu ingenionyesha kwa mstari mmoja. Kitambaa halisi cha nyuzi 32 kina uwiano wa 1.87, nacho kimejengeka bila kuingiliana.

Bado kuna kero ndogo. Pale uzi unapogusana na mwenzake, nafasi baina yao hupungua hadi sifuri na kuacha kabari nyembamba ambamo seli za gridi huharibika umbo. Nimeziunganisha nyuzi kuwa mwili mmoja kwenye eneo dogo la mgusano, kwa sababu hewa inayoweza kupita ndani ya kabari hiyo ni kidogo sana ikilinganishwa na ile ya tundu.

Wiki ya 5

Kitambaa cha mtindo huu kina fadhila moja ambayo inafaa kuitumia. Bapa la wima linalopita katika mhimili wa uzi wowote, uwe wa mtande au wa mshindio, hukigawa kitambaa katika pande mbili zinazoakisiana kama kwenye kioo. Kwa hiyo si lazima kuiga kipande chote kinachojirudia, chenye nyuzi mbili kwa mbili na matundu manne. Tundu moja lililozungukwa na mabapa manne ya simetri linatosha, na kazi ya kompyuta inapungua hadi robo. Sharti lake ni kuusahau msokoto wa uzi, kwa maana uzi uliosokotwa kuelekea upande mmoja hauakisiki.

Gridi ya kawaida ina seli 20 katika upana wa nafasi kati ya nyuzi. Nimeilinganisha na gridi zenye seli 10 na seli 40, nikaona tofauti kati ya ile ya kati na ile laini ni ndogo kiasi cha kutonisumbua. Kila upana wa seli unapopunguzwa nusu, idadi ya seli huongezeka mara nane, hivyo nimebaki na ya kati.

Jibu la kompyuta kwa nyuzi za mviringo limeangukia karibu na hesabu ya mkono ya wiki ya kwanza. Nilifurahi kuliko nilivyostahili.

Wiki ya 7

Vipimo vya maabara vimekamilika. Sampuli zilikaa kwanza katika hewa ya nyuzijoto 20 yenye unyevu wa asilimia 65, kisha kila kitambaa kikapimwa mahali kumi tofauti, kama kiwango kinavyodai, na uvujaji wa pembeni mwa kichwa cha mashine ukapimwa peke yake na kutolewa.

Kitambaa kinapitisha chini ya nusu ya hewa ambayo modeli ilitabiri.

Sina budi kuandika hapa nilichofanya baada ya kuiona namba hiyo, maana ndicho kilichonigharimu muda mwingi kuliko kitu kingine chochote katika mradi. Niliirudia gridi ya seli 40. Nilirefusha njia ya hewa kabla na baada ya kitambaa. Nilibadilisha mbinu ya kukokotoa sehemu ya inesha, kutoka ile ya daraja la kwanza hadi ya daraja la pili. Kila badiliko lilisogeza jibu kwa asilimia chache, mara juu, mara chini, huku nikitafuta upungufu wa zaidi ya nusu. Kosa la ukubwa huo haliwezi kujificha ndani ya gridi ambayo tayari imekubaliana na yenyewe katika viwango vitatu vya ulaini, na nilipaswa kulisema hilo siku ya kwanza badala ya siku ya tisa.

Wiki ya 8

Nimekigandisha kipande cha kitambaa ndani ya rezini, nikakikata kwa kufuata mhimili wa uzi, nikakisugua mpaka kikawa laini, nikakiweka chini ya hadubini. Nyuzi si za mviringo. Zimebonyezana kwenye makutano na kutandazika kuwa duaradufu ambayo upana wake, kwa wastani, ni mara moja na nusu ya kimo chake.

Duaradufu hiyo, ikibaki na eneo lile lile la mkato, ina upana wa milimita 0.205 badala ya 0.167. Nafasi kati ya nyuzi inashuka kutoka milimita 0.145 hadi 0.1075, na eneo lililo wazi kutoka karibu asilimia 22 hadi karibu 12. Nikiipitisha jiometria hii katika hesabu ile ile ya mkono, huku nikikumbuka kwamba kitambaa nacho kimekuwa chembamba zaidi na hivyo mfereji umefupika, napata milimita 680 kwa sekunde mahali palipokuwa na 1490. Uzi haukuongezwa wala kupunguzwa hata unyuzi mmoja. Umebadilika umbo tu, na zaidi ya nusu ya hewa imezuiwa. Modeli ya kompyuta yenye nyuzi bapa sasa imekaribiana na maabara kiasi cha kuniwezesha kuzungumza juu ya tofauti ndogo zilizobaki.

Kwa nini umbo lina nguvu kiasi hicho? Nafasi kati ya nyuzi hupatikana kwa kutoa namba moja kutoka nyingine inayokaribiana nayo, kwa hiyo kosa dogo katika upana wa uzi hugeuka kosa kubwa katika nafasi. Kisha nafasi hiyo hupandishwa kwenye kipeo: pale inesha inapotawala, hewa hufuata eneo la tundu, yaani nafasi katika kipeo cha pili, pale mnato unapotawala, hufuata kipeo cha nne. Mfano: uzi wa mviringo ukiongezwa kipenyo kwa asilimia 10 tu, eneo la tundu hupungua kwa asilimia 22, na mtiririko wa mnato mtupu kwa asilimia 39. Kitambaa changu kiko katikati ya hali hizo mbili. Kuanzia sasa kila saa ninayotaka kuitumia kulainisha gridi itatumika kwanza kwenye hadubini.

Jambo hilo hilo linanifunga kuhusu wastani. Nafasi hazilingani, nyingine ni pana, nyingine finyu, na tundu pana hubeba hewa zaidi ya fungu lake. Ikiwa nafasi zinatawanyika kwa mkengeuko sanifu wa asilimia 15 kuzunguka wastani, basi wastani wa kipeo cha nne unazidi kipeo cha nne cha wastani kwa karibu asilimia 14. Tundu moja la wastani, lililozungukwa na vioo vyake vinne, haliwezi kuliona hilo. Nimeanza kuchanganya majibu ya matundu ya ukubwa mbalimbali kwa uzito wa jinsi yanavyoonekana chini ya hadubini, na pengo na maabara limepungua tena kidogo.

Wiki ya 9

Mpaka sasa nimeuchukulia uzi kuwa mwili mgumu usiopitisha kitu, ingawa kila mtu anajua kwamba uzi ni fungu la nyuzinyuzi lenye hewa ndani yake. Kwa kadirio la Peirce, na densiti ya pamba ya gramu 1.52 kwa sentimita ya ujazo, nyuzinyuzi hujaza asilimia 60 ya mwili wa uzi. Fomula ya Gebart ya mwaka 1992, kwa nyuzinyuzi zilizopangwa kwa pembesita zenye nusu kipenyo cha maikromita 6, inatoa upenyekaji (kipimo cha urahisi wa hewa kupenya) wa karibu 2.1 × 10⁻¹³ mita za mraba katika mwelekeo wa kukata uzi. Hata nikichukua unene wa uzi mmoja tu chini ya paskali 100, hewa inayopita ndani yake haizidi milimita 7 kwa sekunde, karibu asilimia moja ya ile ya matundu. Dhana ya uzi mgumu imenusurika kwa kitambaa hiki.

Haitanusurika kila mahali. Nikiulegeza uzi mpaka nyuzinyuzi zijaze asilimia 45 tu, upenyekaji wake huongezeka zaidi ya mara nne. Na katika kitambaa kilichosongwa mpaka matundu yakafumba, njia ya ndani ya uzi ndiyo pekee iliyobaki, hivyo modeli ya uzi mgumu ingetabiri sifuri mahali ambapo mashine ingeonyesha namba. Kwa vitambaa hivyo itabidi uzi upewe upenyekaji wake, tena wenye thamani tofauti kwa urefu na kwa upana wa uzi.

Kuna tanbihi moja ambayo huenda isimpendeze asiyependa fizikia ya gesi. Molekuli ya hewa katika kanieneo ya kawaida husafiri kwa wastani maikromita 0.067 kabla ya kugongana na nyingine. Katika tundu la maikromita 107 umbali huo si kitu. Kati ya nyuzinyuzi zilizosongwa kwa kiwango nilichotaja, ambako nafasi ni chini ya maikromita 3, namba ya Knudsen, yaani uwiano wa umbali huo na upana wa nafasi, hufika karibu 0.024, na hapo hewa huanza kuteleza kidogo juu ya uso wa unyuzi badala ya kuushika. Fomula ya Gebart haihesabu utelezi huo. Kwa kuwa njia hiyo hubeba sehemu moja kwa mia, nimeuacha.

Wiki ya 10

Jibu la hali tulivu limekuwa likiyumba katika kanieneo ya juu: mabaki ya hesabu, yaani kosa linalobaki baada ya kila duru ya ukokotoaji, hayashuki chini ya kiwango fulani, na nyuma ya kitambaa picha ya kasi hubadilika kila ninapoitazama. Sababu ni michirizi ya hewa inayotoka katika matundu. Michirizi iliyokaribiana huvutana na kuungana miwili miwili au zaidi. Watafiti wa handaki za upepo wamelijua hilo kwa miaka mingi katika nyavu zao; mwaka 1965 Bradshaw alionyesha kwamba wavu wenye uwazi chini ya asilimia 57 hivi huleta muungano huo, na kitambaa changu kina asilimia 12. Mabapa yangu ya simetri huulazimisha kila mchirizi uende peke yake, kwa hiyo nyuma ya kitambaa modeli inaonyesha kitu ambacho hakipo.

Nilijenga kipande kikubwa zaidi chenye matundu kumi na sita na masharti ya kujirudia pembeni, nikakiendesha kwa hatua za wakati. Michirizi iliungana kama ilivyotarajiwa, lakini upungufu wa kanieneo ulibadilika kidogo tu, kwa kuwa sehemu kubwa yake huisha ndani ya tundu kabla mchirizi haujatoka. Kwa swali la kiasi cha hewa, tundu moja linatosha. Anayetaka kujua upepo unavyohisiwa upande wa pili wa kitambaa asiitumie modeli hiyo.

Wiki ya 11

Nimeendesha modeli katika paskali 25, 50, 100 na 200, kisha nikachora kanieneo iliyogawanywa kwa kasi dhidi ya kasi yenyewe. Nukta zimekaa vizuri kwenye mstari mnyoofu, kama mlinganyo wa Forchheimer unavyotaka: mahali mstari unapokata mhimili ni sehemu ya mnato, na mteremko wake ni sehemu ya inesha. Hesabu yangu ya mkono, katika paskali 100, inaipa mnato karibu paskali 70 na inesha karibu 30. Mgawanyo huu una faida ya moja kwa moja kwa anayelinganisha vipimo vya nchi mbalimbali, kwa sababu kiwango cha Marekani cha ASTM D737 hupima kwa paskali 125. Si sahihi kuzidisha jibu la ISO kwa 1.25, kwa kitambaa hiki ongezeko ni karibu asilimia 18.

Unyevu nao unadai nafasi yake. Pamba katika hewa ya maabara hubeba maji kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, na kila unyevu unapopanda nyuzinyuzi huvimba, uzi hunenepa na nafasi hupungua, ambapo tunarudi kwenye vipeo vya wiki ya nane. Sampuli moja iliyopimwa kabla ya kukaa muda unaotakiwa imeondolewa katika orodha, na ndiyo iliyokuwa ikinipotosha tangu wiki iliyopita.

Wiki ya 12

Nimeanza kitambaa cha mshazari, ambamo kila uzi huruka mbili na kupita chini ya mbili, na njia hizo husogea hatua moja kila mstari. Simetri ya kioo imetoweka, kwa hiyo sina njia ya mkato: kipande kinachojirudia kina nyuzi nne kwa nne, matundu kumi na sita, na gridi ya seli milioni 1.7 kwa tundu inakuwa ya karibu milioni 27. Matundu yake pia hayasimami wima. Uzi unaoruka huachwa bila kushikwa kwa urefu wa nyuzi mbili, hivyo huweza kusogea pembeni na kulifunika nusu ya tundu la jirani.

Safari hii sampuli ilikatwa kabla ya modeli kujengwa. Mikato ishirini ya mtande na ishirini ya mshindio imepigwa picha, na mtande umeonekana kuwa bapa zaidi ya mshindio. Maumbo hayo mawili yameingizwa kila moja peke yake, na kazi ya kwanza imewekwa kwenye foleni ya seva.